Kitu, Mwili na Mtu: Fumbo la Mapenzi katika Nyimbo za Harusi za Kisauni

1.0 Utangulizi

Nyimbo za harusi za pwani ya Kenya zimehakikiwa kwa njia mbili zinazopingana. Njia ya kwanza huzihesabu nyingi katika hizo kuwa ni matusi yaliyovishwa nguo, yasiyostahili darasa wala jarida. Njia ya pili huzisifu kwa jumla kuwa ni hazina ya utamaduni, kisha huzipita haraka zile beti zinazowafanya wanawake wacheke na kufinyana ukumbini. Matokeo ya njia zote mbili ni mamoja: ucheshi wa kimapenzi, ambao ni uti wa mgongo wa chakacha na wa sehemu kubwa ya taarab ya Mombasa, hubaki bila ya kuchambuliwa.

Makala haya yanakusudia kuuchambua ucheshi huo kwa kuutazama katika mazingira ya Kisauni, upande wa bara wa Mombasa. Hoja yake kuu ni kwamba fumbo la mapenzi katika nyimbo hizi lina matabaka matatu, si mawili. Tabaka la kwanza ni la kitu: muhogo, kinu, nanga. Tabaka la pili ni la mwili, ambao kitu hicho kinauashiria. Tabaka la tatu ni la mtu: yule aliyepo ukumbini, au jirani yake, ambaye wimbo unamfikia. Anayeuliza tu kama wimbo fulani ni matusi au si matusi huwa ameishia katika tabaka la pili. Makala yanadai kwamba uzito wa nyimbo hizi, wa kisanaa na wa kimaadili, umo katika tabaka la tatu.

2.0 Kisauni na hadhira yake

Kisauni imetenganishwa na kisiwa cha Mvita kwa mkono wa bahari na kuunganishwa nacho kwa daraja la Nyali. Ni eneo la mchanganyiko wa siku nyingi. Frere Town, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani, imo upande huu. Vijiji vya Wamijikenda vilikuwako kabla ya hapo, na mitaa kama Bakarani, Mlaleo, Mtopanga na Mishomoroni imepokea Waswahili waliohama kisiwani pamoja na wageni kutoka bara. Pwani ya Bamburi, kwa upande wake, ilileta hoteli za watalii na bendi za magitaa ya umeme.

Kwa hiyo harusi ya Kisauni mara nyingi ina hadhira isiyo moja. Chini ya hema moja huketi bibi aliyekulia Kibokoni, msemaji wa Kimvita asiyehitaji kufasiriwa lolote. Mke wa jirani aliyetoka Kaloleni. Na rafiki wa kazini aliyejifunza Kiswahili chake Nairobi. Wote husikia maneno yale yale. Wote hawasikii wimbo ule ule. Jambo hili ni la msingi kwa uhakiki, kwa kuwa fumbo ni tungo inayochagua msikilizaji wake. Waswahili wenyewe wamekwisha kulisema: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua.

3.0 Tabaka la kwanza: kitu

Vitu vinavyotumika katika mafumbo haya ni vichache na vya kawaida mno. Kuna vya jikoni: kinu na mchi, chungu na mwiko, kifuu, mbuzi wa kukunia nazi. Kuna vya shamba: muhogo, embe, dafu, ndizi. Kuna vya bahari: dau, mlingoti, tanga, nanga, bandari. Kuna vya nyumbani: kufuli na ufunguo, taa na utambi, mlango na komeo.

Ukawaida huu una sababu. Fumbo halina kinga kama kitu chake hakiwezi kusimama peke yake. Mwanamke anayeimba kuhusu mbuzi wa kukunia nazi lazima aweze kusema, akiulizwa, kwamba alikusudia mbuzi wa kukunia nazi, na maelezo ya wimbo kuhusu ubao, meno ya chuma na tui lazima yawe sahihi tangu mwanzo mpaka mwisho. Pale ambapo maelezo ya kitu yamelegea, kinga nayo hulegea. Hiki ni kipimo cha ubora ambacho wahakiki hawajakitumia vya kutosha. Fumbo zuri ni lile ambalo mtoto wa miaka 7 anaweza kuliimba mbele ya babu yake akiamini kwamba anaimba kuhusu mapishi, na babu akashindwa kupata neno moja la kulikemea.

Mfano unaojulikana zaidi katika mwambao wote ni wa Unguja. Wimbo "Muhogo wa Jang'ombe", unaohusishwa na Siti binti Saad na uliokuja kuvumishwa upya na Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, umejengwa kwa zao la shambani na kwa jina la mtaa halisi wa mjini Zanzibar. Muhogo upo na Jang'ombe ipo. Hakuna kilichobuniwa katika anwani hiyo, na kwa sababu hiyo kila msikilizaji mzima huijua na kutabasamu.

4.0 Tabaka la pili: mwili

Namna kitu kinavyogeuka kuwa mwili haitegemei umbo la kitu peke yake. Sarufi ya Kiswahili inafanya sehemu kubwa ya kazi, na hapa kuna mambo matatu ya kuzingatiwa.

Kwanza ni viambishi vya ngeli. Baada ya mwimbaji kulitaja jina la kitu mara moja, anaweza kuendelea kwa beti nzima akitumia kiambishi tu: anauona, anautaka, hautaki, ameushika. Kiambishi "u" hakisemi kama ni muhogo, mchi, mwiko au mwili. Kadiri jina linavyozidi kuachwa nyuma, ndivyo msikilizaji anavyozidi kulijaza pengo kwa lake. Lugha isiyokuwa na ngeli ingelazimika kulirudia jina, au kutumia kiwakilishi kimoja kisichobeba ladha yoyote.

Pili ni viambishi vya mahali. Tofauti ya "pa", "ku" na "mu" inajulikana kwa kila mwanafunzi wa sarufi, lakini ni nadra kuelezwa kwamba ngeli ya "mu", inayodokeza undani, ni chombo kikubwa cha ucheshi wa kimapenzi. Nyumba inayoelezwa kuwa humo mna joto, mna giza au mna raha si nyumba ile ile inayoelezwa kuwa pale pana joto.

Tatu ni kukosekana kwa jinsia katika nafsi. Kiambishi "a" hakimwambii msikilizaji kama anayetajwa ni mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana wimbo uliotungwa na mwanamume unaweza kuimbwa na mwanamke bila ya kubadilishwa neno. Ndiyo maana pia Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliweza kuziimba tungo za Ahmad Nassir na za watunzi wengine, na wanawake wa ukumbini wakazichukua kuwa zao usiku huo huo.

Zaidi ya sarufi ya jumla, kuna lahaja. Katika Kimvita "ndoo" ni amri ya kumwita mtu, yaani "njoo". Katika Kiswahili Sanifu ni chombo cha kutekea maji. Mtunzi wa Mombasa aliye na kisima katika wimbo wake anao mlango ambao mtunzi wa Unguja hana: neno hilo hilo laweza kuwa chombo kwa mgeni na mwaliko kwa mwenyeji. Katika hadhira ya Kisauni, ambamo lahaja na lugha hukutana, uwezekano huu ni mali.

Vitenzi navyo vina mchango wao. Kula, kuonja, kukuna, kutwanga, kupanda na kutia nanga ni vitenzi vya kazi za kila siku. Ifahamike kwamba kila kundi la vitenzi lina wenyewe. Lugha ya kinu na nazi inajulikana kwa undani zaidi na wanawake. Lugha ya tanga na nanga, na wanaume wa bahari. Mwanamke anayeimba kwa lugha ya jikoni huwa anaimba kutoka katika eneo la utaalamu wake. Si yeye anayeelezwa. Yeye ndiye mwenye kueleza, kwa kuwa ni yeye ajuaye mchi upi ni mzito na kinu kipi kimepasuka.

5.0 Tabaka la tatu: mtu

Kama nyimbo hizi zingeishia katika mwili, zingekuwa hazitofautiani sana na ucheshi wa aina hiyo unaopatikana katika muziki wa mataifa mengine. Muziki wa roki una mifano mingi. Neno "rock" lenyewe, kabla halijawa jina la muziki, lilitumiwa na Wamarekani weusi katika nyimbo zao kwa maana ya kucheza ngoma na kwa maana ya tendo la ndoa. Mwaka 1972 Chuck Berry alishika nafasi ya kwanza Marekani na Uingereza kwa wimbo "My Ding-a-Ling", ambao Dave Bartholomew alikuwa ameurekodi miaka 20 kabla. Kwa maneno yake, wimbo unahusu kichezeo cha mtoto. Kwa kicheko cha hadhira yake, unahusu jambo jingine. Mary Whitehouse, mtetezi wa maadili wa Uingereza, aliitaka BBC iuzuie, naye hakufanikiwa.

Katika wimbo wa Berry kuna kitu na kuna mwili, lakini hakuna mtu. Hadhira yote inaalikwa kuingia katika siri moja, na siri ikishajulikana wote hucheka pamoja. Hakuna aliyerudi nyumbani kutoka tamashani akilia kwa sababu ya kichezeo kile. Harusi ya Kisauni si hivyo. Fumbo la muhogo uliooza, likiimbwa katika hema ambamo yupo mke aliyeachwa na yule aliyemrithi, lina anwani.

Anwani hiyo haiandikwi na mtunzi peke yake. Kelly Askew, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu muziki na siasa za utamaduni nchini Tanzania, ameonyesha jinsi kitendo cha kumtunza mwimbaji kinavyougeuza wimbo kuwa kauli ya mtunzaji. Jambo hilo ni kweli vile vile Mombasa. Mwanamke huinuka kitini pale panapofika ubeti anaoutaka. Huenda mbele kwa mwendo wa ngoma, noti mkononi, na njiani hugeuza uso, au mkono, au ncha ya leso, kuelekea upande fulani wa ukumbi. Mwimbaji hupokea noti na kuendelea. Ubeti uliokuwa wa watu wote umepata mwenyewe, na umepata mlengwa. Mwimbaji anaweza kuapa kwamba hamjui yeyote kati yao, na akawa anasema kweli.

Hali hii ina historia. Margaret Strobel, katika utafiti wake kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa uliochapishwa mwaka 1979, alieleza jinsi vyama vya lelemama vilivyoshindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kusutana. Chakacha, ngoma ya wanawake ya kuzungusha kiuno, iliendeleza msuto huo katika faragha ya harusi, ambako wanaume hawakuruhusiwa na ambako mafunzo ya unyumba na kejeli vilitolewa kwa lugha moja. Zuhura Swaleh alipouingiza mdundo wa chakacha katika taarab ya jukwaani, na Maulidi Juma na kundi lake walipoziimba nyimbo za harusi zilizosikika hata ng'ambo kwa santuri ya mwaka 1990, tabaka la tatu lilitoka ndani na kupanda jukwaani. Kaseti zilizouzwa mjini Mombasa zikalipeleka mbali zaidi. Msuto wa usiku mmoja ukaweza kupigwa katika matatu ya Bamburi kwa mwaka mzima, na aliyelengwa akawa abiria.

6.0 Fumbo kama kinga, fumbo kama silaha

Ni desturi ya baadhi ya wahakiki wa miongo ya karibuni kuliona fumbo la wanawake kuwa ni sauti ya wanyonge. Dai hilo lina ukweli. Mwanamke asiyeweza kumwambia mumewe kadhi akisikia kwamba hamridhishi, anaweza kuimba kuhusu taa isiyokuwa na mafuta. Atasikiwa na mume kupitia kwa dada wa mume, na hakuna atakayeweza kumshitaki. Fumbo humpa haki ya kusema pamoja na haki ya kukana, na mbili hizo kwa pamoja ni nadra kupatikana katika maisha ya kawaida.

Lakini dai hilo likiachwa peke yake linapotosha. Wanaolengwa na mafumbo haya kwa wingi si wanaume wala wenye mamlaka. Ni wanawake wengine, na mara nyingi ni walio dhaifu zaidi: asiyezaa, aliyeachwa, aliyezeeka, aliyeolewa mke wa pili kwa siri. Picha ya mti usiozaa au ya kisima kilichokauka ni fumbo safi kwa vipimo vyote vilivyotajwa katika sehemu ya tatu ya makala haya. Hata hivyo ni ukatili. Kinga ile ile inayomlinda mwimbaji humnyima mlengwa nafasi ya kujibu, kwa kuwa akijibu amekiri. Akinyanyuka na kuondoka, ameliandika jina lake mwenyewe juu ya fumbo. Njia pekee aliyo nayo ni kukaa, kucheka pamoja na wengine, na kutafuta mtunzi wa kumjibia katika harusi ijayo.

Kwa hiyo uhakiki unaozisifu nyimbo hizi kwa kuwa ni za wanawake, bila ya kuuliza ni mwanamke yupi anaumia, haujakamilika. Ubora wa kisanaa wa fumbo na haki yake ni mambo mawili, na wimbo unaweza kuwa na la kwanza bila ya la pili.

7.0 Kupungua kwa matabaka

Tangu miaka ya 1990 muundo huu wa matabaka matatu umekuwa ukipungua, na umepungua kwa njia mbili tofauti.

Njia ya kwanza ni ya mipasho. Katika ushindani wa makundi ya Tanzania, hasa ule wa Tanzania One Theatre na Muungano, na katika nyimbo za rusha roho zilizovuma hadi Mombasa, tabaka la kitu lilianza kuwa jembamba. Kitu kilitajwa kwa ubeti mmoja kisha kikaachwa, na msuto ukasemwa waziwazi. Mtu alibaki, kitu kikatoweka. Pamoja na kitu, kinga nayo ikatoweka.

Njia ya pili ni ya muziki wa kibiashara wa vijana na, kabla yake, wa bendi za hoteli. Them Mushrooms na bendi nyingine za magitaa zilipoichukua chakacha katika miaka ya 1980, ziliipiga pia mbele ya wageni wasiojua Kiswahili. Kiuno kilibaki, na mlengwa hakuweza kuwako. Katika nyimbo za leo hali hiyo imezidi. Wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, uliofungiwa na Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania mwezi Novemba 2018, ulitumia jina la Nyegezi, ambalo ni jina halisi la eneo la jiji la Mwanza na ambalo masikioni liko karibu mno na neno la ashiki. Mbinu hii ni ndugu wa mbinu ya Jang'ombe: jina la mahali halisi kama ngao. Tofauti ni kwamba katika "Mwanza" jina linategemea sauti tu. Hakuna maelezo ya mahali yanayoweza kusimama peke yake. Ngao ilikuwa nyembamba, na haikuzuia pigo.

Mwaka 2019 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya nayo ilitangaza kwamba "Tetema" na "Wamlambez" zisipigwe nje ya vilabu na baa. Maamuzi ya vyombo vyote viwili yalitazama maneno na kile maneno yanachoashiria mwilini. Swali la tatu, la nani anaumizwa, halikuulizwa, na kwa kweli katika nyimbo hizo halikuwa na jibu, kwa kuwa hakuna mlengwa. Hapa pana kinaya kinachostahili kuangaliwa. Nyimbo zinazofungiwa hazimuumizi mtu maalumu. Fumbo la mti usiozaa, lililomliza mtu usiku mzima huko Mtopanga, lingepita mbele ya bodi yoyote, kwa kuwa kwa maneno yake ni wimbo kuhusu kilimo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba ucheshi wa kimapenzi katika nyimbo za harusi za Kisauni ni sanaa yenye kanuni: kitu kilichoelezwa kwa usahihi, sarufi inayokigeuza kuwa mwili, na utendaji unaoufikisha ujumbe kwa mtu. Yamedai pia kwamba hukumu ya kimaadili juu ya nyimbo hizi, ikiwa ni lazima itolewe, itolewe kwa kulitazama tabaka la tatu.

Ugumu ni kwamba tabaka hilo halimo katika maneno. Mashairi ya Muyaka bin Haji yanatoa funzo. Sehemu kubwa ya yale yanayoeleweka leo kuhusu visa vya tungo zake za karne ya 19 inatokana na Mwalimu Sikujua kumweleza W. E. Taylor nani alimjibu nani, na kwa jambo gani. Pasipo maelezo ya namna hiyo, shairi hubaki na kitu chake na sauti yake, na mlango wa ndani ukafungwa.

Nyimbo za kaseti za Mombasa zinakaribia hali hiyo. Maneno yake yamehifadhiwa. Usiku wake haukuhifadhiwa. Waliokuwa wakiinuka na noti mkononi katika miaka ya 1970 na 1980 sasa ni mabibi, na wanaojua ubeti upi ulikwenda kwa nani wanapungua kila mwaka. Wanafunzi wa idara za Kiswahili, hasa wale waliozaliwa Kisauni, Likoni na Changamwe, wana nafasi ambayo mtafiti wa mbali hana: bibi zao ndio kumbukumbu. Kazi inayohitajika ni kuandika, pamoja na maneno, nani alitunza, nani alicheka na nani alinyamaza. Majina ya waliolengwa yafichwe, kwa kuwa wengine wangali hai na watoto wao wanaishi mtaa uleule. Lakini visa vyao viandikwe, na viandikwe pande zote mbili, upande wa aliyeimba na upande wa aliyekaa kimya akicheka pamoja na wenziwe.